MADHARA YA MVUKE WA DAWA NA MANUKATO YA KUPULIZA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kwamba dawa ya mbu na manukato ya kopo huacha mvuke wenye madhara nyumbani.

Gesi inayosukuma dawa kutoka koponi aghalabu ni butani au propani. Gesi hizo ni nzito kuliko hewa. Hushuka hadi sakafuni, alipolala mtoto juu ya mkeka, na hushika moto upesi. Dawa yenyewe, ambayo mara nyingi huiga sumu ya ua la pareto, huwasha macho na koo na huweza kuamsha pumu.

Wilayani Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, baridi ya nyanda za juu huwafanya wengi wafunge madirisha mapema. Mvuke hukosa pa kutokea, na kibatari au jiko la mkaa huweza kuuwasha.

Kwa hiyo:

(a) Kabla ya kupuliza, watoto na vyakula vitolewe, na moto uzimwe.

(b) Baada ya muda ulioandikwa koponi, madirisha yafunguliwe ndipo watu waingie.

(c) Kopo tupu lisichomwe wala kutobolewa.

Kutoweka kwa harufu si dalili kwamba mvuke umekwisha. Alalaye ndani ya chandarua chenye dawa hana haja ya kupuliza kila usiku.