Ng'ombe wa Ada na Nyasi za Machi

Oktoba nikiwa mwaka wa pili, bumu lilikuwa halijaingia. Baba akapeleka ng'ombe mnadani, Makongolosi, ili nilipe ada. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Akauzwa kwa hela ya kutupa.

Kwetu Chunya mvua ni msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Ng'ombe wakikonda tunalaumu ukame. Lakini Machi nyasi zinatufika kiunoni, na hatuweki akiba!

Wanazuoni, jiulizeni: mbona ng'ombe anakonda Agosti wakati nyasi kavu bado zipo? Kinachosaga nyasi tumboni mwake ni vijidudu, navyo vinahitaji protini. Nyasi zikishakomaa na kumwaga mbegu, shina hukakamaa na protini hushuka. Ikipungua chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu huzubaa na ng'ombe hupunguza kula. Ni sawa na wewe kula ugali mkavu mwezi mzima.

Dawa ni kuchanganya nyasi na mikunde. Fiwi, kwa mfano, huvumilia ukame, na vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, hivyo hata udongo hufaidika. Fanya hivi:

1. Tenga kipande, zungushia miba, mifugo wasiingie wakati wa mvua.
2. Panda nyasi zinazostahimili ukame, kama Cenchrus ciliaris, na fiwi pembeni mvua zinapoanza.
3. Kata nyasi zinapoanza kuchanua. Usisubiri mbegu.
4. Anika siku mbili tatu ukigeuza. Fiwi ishike taratibu, majani yake hupukutika, na protini iko humo.
5. Shindilia kwenye sanduku la mbao lisilo na kitako, funga kamba, hifadhi juu ya vichanja, mbali na mvua na mchwa.

Nilipomweleza baba, mzaliwa wa Shinyanga, alicheka. "Mwanangu, kutenga huko ndiyo ngitili. Babu yako alikuwa nayo. Tulipohamia huku ardhi ilikuwa tele, tukaiacha."

Kumbe nilikuwa namfundisha mwalimu! Ngitili hizo ndizo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulizifufua. Baba alichokosa ni fiwi na kukata mapema tu.

Sasa ardhi si tele tena. Ada ya mwaka wa tatu bado inadaiwa, ila nusu eka imeshazungushiwa miba.