GOBORI NA BARUTI: Somo kwa Mkulima Anayetamani Bunduki ya Kulinda Shamba



Kila msimu mahindi yanapoanza kubeba, swali moja huja katika ofisi ya kilimo. Mtu huingia, huvua kofia, hukaa kidogo, kisha husema: "Karani, tumbili wamenimalizia shamba mchana, na usiku nguruwe mwitu wanakuja. Je, nikipata gobori moja tu, si nitapumzika?" Swali hili si la kuchekwa. Mtu aliyelipia mbegu na mbolea, akapalilia mara mbili, kisha akakuta mistari kumi imelala chini asubuhi, ana haki ya kuuliza. Basi mwezi huu tutalijibu kwa utaratibu, kama somo la darasani.

Lakini kwanza sikilizeni jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mzee mmoja wa huku Kenyenya aliniita nyumbani kwake. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kusoma. Njoo uitazame mali ya baba yangu." Akapanda darini akashusha kitu kirefu kilichofungwa gunia. Lilikuwa gobori. Baba yake alirudi nalo zamani kutoka Tanganyika alikokwenda kufanya kazi, na tangu alipofariki halikuguswa. Mzee alitaka kujua anunue baruti ya namna gani. Wajukuu wake wawili walikuwa wamesimama mbele yetu, na mdomo wa bunduki ulikuwa ukiwaelekea.

Nilimwomba aligeuzie ukutani. Kisha nikachukua ufito mkavu ulionyooka, nikauingiza mdomoni mwa kasiba polepole mpaka ukagota, nikautia alama kwa kidole. Nilipoutoa na kuulaza juu ya kasiba kwa nje, ncha yake haikufika kwenye tundu la moto. Ilipungua vidole vinne. Mnaelewa maana yake? Ndani mlikuwa na kitu. Gobori lile lilikuwa limeshindiliwa baruti na risasi tangu siku za marehemu, na watoto walikuwa wakilala chini yake miaka yote hiyo.

Gobori ni nini

Gobori ni bunduki inayopakiwa kwa mdomo. Haina viasi vya shaba kama bunduki za siku hizi. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa kasiba, hufuatisha risasi, kisha huvishindilia chini kwa mdeki. Zile za kale sana huwashwa kwa jiwe la gumegume linalotoa cheche. Zilizofuata huwashwa kwa fataki ndogo inayovishwa juu ya tundu la moto na kugongwa na mtambo.

Kwa nini magobori yalienea Afrika ya Mashariki kuliko bunduki nyingine? Sababu moja ni mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa yaliyokutana huko yalizuia bunduki mpya zenye mikunjo ndani ya kasiba zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mikunjo, na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo silaha duni ndiyo iliyoruhusiwa kumfikia Mwafrika, na silaha bora ikabaki kwa askari wa serikali. Sisi Abagusii tulilijua hilo kwa uchungu mwaka 1905 na tena mwaka 1908, mikuki yetu ilipokabili bunduki za kisasa.

Namna watu wanavyochagua gobori

Yako mahali duniani ambako sheria inaruhusu kuwinda kwa gobori. Huko Marekani majimbo mengi hutenga msimu maalum wa kuwinda paa kwa silaha hii. Tukitazama jinsi wawindaji wa huko wanavyochagua, tutajifunza mambo matatu.

La kwanza ni kasiba. Kasiba laini ndani hurusha risasi isiyozunguka, nayo huanza kupotea njia ikipita kama mita 50. Kasiba yenye mikunjo huizungusha risasi, ikaenda mbali zaidi kwa unyofu. Lakini mikunjo nayo hutofautiana: inayozunguka polepole hufaa risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa cha pamba chenye mafuta, inayozunguka upesi hufaa risasi ndefu yenye ncha. Mtu akikosea hapo, hata awe na jicho zuri, hatapata shabaha.

La pili ni upana wa mdomo. Upana wa nusu inchi ndio unaopendwa na wengi kwa paa. Risasi ya mviringo inayoingia humo ina uzito wa kama gramu 11 na nusu. Zamani wafanya biashara walipima kwa njia nyingine: walihesabu ni risasi ngapi za mviringo zinazotoka katika ratili moja ya madini ya risasi. Ndiyo maana mpaka leo bunduki ya marisau huitwa namba 12: risasi 12 za upana wake hutimiza ratili moja.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni nani aliyeitengeneza. Kasiba nzuri hutoka kiwandani, imejaribiwa na kutiwa alama ya kuonyesha kwamba imestahimili. Bunduki za vichakani hutengenezwa kwa bomba la maji au chuma kilichotolewa katika gari bovu. Bomba la maji liliundwa kustahimili maji. Halikuundwa kustahimili moto wa baruti. Likipasuka, hupasuka karibu na jicho na mkono wa aliyelishika.

Baruti

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa ya mti na kiberiti upele. Viwanda huipanga kwa ukubwa wa chembe na kuiandika kwa herufi F. Yenye F moja ina chembe kubwa, ni ya kasiba pana. Yenye F mbili ni ya kasiba za nusu inchi na zaidi. Yenye F tatu ni laini, ni ya kasiba nyembamba. Yenye F nne ni unga wa kuwashia gumegume tu. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyowaka upesi, na ndivyo nguvu inavyopanda ghafula ndani ya kasiba.

Shikeni neno hili: baruti isiyotoa moshi, ile ya viasi vya kisasa, haitiwi kamwe katika gobori la kale. Mtu huweza kudhani baruti ni baruti, kama vile chumvi ni chumvi. Sivyo. Ile ya kisasa huleta nguvu kubwa kupita uwezo wa kasiba ya namna hiyo, hata kwa kipimo kidogo.

Tena, wenye kutumia silaha hii kwa ruhusa hufuata kanuni ambazo hazivunjwi. Kipimo cha baruti hutolewa na mtengenezaji wa bunduki, wala hakizidishwi. Baruti haimiminwi moja kwa moja kutoka katika pembe. Hutiwa kwanza katika kipimo kidogo, maana cheche iliyobaki ndani ya kasiba ingeweza kurudi na kulipua pembe yote mkononi. Risasi lazima igote juu ya baruti. Pakiwa na nafasi katikati, kasiba huweza kupasuka. Bunduki ikikataa kulia, mdomo huachwa umeelekea mahali salama kwa muda wa dakika moja au zaidi, kwa kuwa moto huweza kuwa unatambaa ndani. Mwishowe, kasiba huoshwa kwa maji ya moto na sabuni siku ile ile, ikakaushwa na kupakwa mafuta, kwa sababu masizi ya baruti huvuta unyevu na kula chuma.

Na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki kama mbegu. Huweza kuwaka baada ya miaka mingi sana. Ndiyo maana ule ufito wangu uliniogopesha.

Je, sheria yetu inasemaje?

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kumlinda mnyama wa porini, hata akiwa ndani ya shamba lako. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kila mwenye bunduki awe na cheti, na gobori linaloweza kupiga ni bunduki, hata likiwa la urithi. Baruti nayo ina sheria yake, Sura ya 115; kuitengeneza nyumbani ni kosa, na ni njia ya mkato ya kuichoma nyumba.

Wengine husema, "Mbona jamaa zetu Tanzania wanayo?" Ni kweli wapo wanakijiji wa huko wenye magobori, lakini sheria yao ya mwaka 2015 inataka leseni kama yetu. Leseni ya Tanzania haivuki mpaka, na gobori linalovushwa kwa siri usiku ni la magendo.

Fikirini pia kazi yenyewe. Gobori hupiga mara moja, kisha mtu hushindilia upya huku kundi limekwisha tawanyika. Tumbili watarudi utakapokwenda kunywa chai. Nguruwe mwitu aliyejeruhiwa gizani ni hatari kuliko mzima. Na risasi iliyomkosa hupita mahindi ya jirani, ambako labda jirani naye analinda shamba lake.

Basi tufanye nini?

1. Mjue adui yako. Tumbili huja mchana, hasa asubuhi na jioni. Nguruwe mwitu na nungu huja usiku. Tazama nyayo na namna mazao yalivyoliwa kabla ya kupanga ulinzi.

2. Fyeka kichaka kinachogusa shamba. Mnyama hapendi kuvuka mahali peupe. Lakini miti ya ukingo wa mto iache, inashika udongo.

3. Panda mahindi, mihogo na viazi vitamu karibu na nyumba, na chai au pilipili upande wa kichaka.

4. Kwa nungu, chimbia seng'enge ya matundu madogo au mabati chini ya udongo kiasi cha futi moja, maana yeye hupita kwa kuchimba.

5. Pandeni wakati mmoja na majirani, mkagawane zamu za kulinda. Aliyepanda peke yake hulisha wanyama wote wa kijiji. Mbwa abweke na debe lilie, lakini mbwa asipelekwe kuwinda.

6. Hasara ikiwa kubwa, toa habari kwa chifu na kwa ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, upesi, kabla alama hazijafutika. Wao ndio wenye mamlaka ya kumwondoa mnyama msumbufu. Sheria ya 2013 inataja wanyama ambao hasara yao huweza kufidiwa. Si wote wamo, kwa hiyo uliza.

Na lile gobori la mzee? Tulililaza chini, mdomo ukielekea kwenye ukingo wa udongo, tukawatoa watoto, tukamwita naibu wa chifu, naye akaita polisi. Hatukulibeba, wala hatukujaribu kulitoa vitu tumboni. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Baba aliniachia shamba na bunduki. Bunduki ndiyo iliyotaka kuninyang'anya wajukuu." Siku ya pili tulianza kuchimbia mabati upande wa mihogo.

Kama kwako kuna kitu kama hicho darini, usikishushe. Nenda kwa chifu leo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini baruti ya viasi haitiwi katika gobori?
2. Kuna hatari gani risasi isipogota juu ya baruti?
3. Ukikuta gobori la urithi nyumbani, utafanya nini kwanza?
4. Ni mnyama gani anayekuharibia zaidi, na huja saa ngapi? Kaa na jirani zako mlijibu hili kabla ya kupanda.