Nyumba isiyokula umeme: nianze na nini?

Swali: Nina kiwanja Kigamboni. Nataka nyumba yenye ubaridi, sola na vifaa janja. Nianze wapi?

Jibu: Anza na ramani, sola ifuate. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi, jua linakopiga ukutani asubuhi na jioni, weka madirisha madogo. Mengine yatazamane ili upepo wa bahari upite. Chagua bati jeupe, na chini yake dari yenye nafasi ya kutolea joto. Jenga kwa matofali ya kufungamana ya udongo na saruji: hayachomwi kwa kuni, na hayahitaji saruji nyingi ya kuyaunganisha. Kisha funga sola, na kihisi cha kuzima pampu tenki likijaa. Nyumba ikipoa yenyewe, paneli chache zitatosha.