TREKTA LINAVUJA: TAFUTA CHANZO KABLA YA KUKAZA NATI

Leo tunazungumza juu ya trekta la zamani linalovuja mafuta ya haidroliki. Haidroliki ni ile nguvu ya mafuta inayoinua jembe la trekta na kubinua tela. Pengine wewe huna trekta. Lakini kama umewahi kulipia ekari moja ilimwe, somo hili linakuhusu.

TULIYOYAONA SHAMBANI

Siku moja ya msimu wa kulima tulikuwa safarini kutoka Tarime kwenda Mugumu, wilaya ya Serengeti. Njiani tuliona trekta limesimama katikati ya shamba, na watu watano wamelizunguka. Trekta hilo lilikuwa la kikundi cha wakulima. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha mara mbili. Mama mmoja alikuwa amelipia ekari mbili, lakini tangu asubuhi alikuwa amelimiwa mistari sita tu.

"Kuna shida gani?" tuliuliza.

"Ni nati hii hapa," dereva alijibu. "Nimeikaza juzi, nimeikaza jana, na leo nimeikaza tena. Kadiri ninavyoikaza ndivyo inavyovuja. Nikiinua jembe, linashuka lenyewe."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Dereva alinyoosha kidole apapase mahali penye unyevu. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, akapaza sauti:

"Mura, toa mkono! Shusha jembe, zima injini kwanza!"

Kijana alishtuka, akashusha jembe na kuzima. Baada ya kusubiri injini ipoe, mzee alifungua ile nati. Ndani yake pete ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi, ilikuwa imekauka na kukatika. Nati yenyewe nayo ilikuwa na ufa. Ufa ule haukuwapo siku ya kwanza. Uliletwa na spana.

Oringi ni kitu kidogo cha bei ndogo. Kama ingebadilishwa siku ya kwanza, trekta lisingelala. Sasa ilibidi mtu apande baiskeli kwenda Mugumu kutafuta nati na oringi. Mama yule hakungoja. Alikodi maksai walime ekari moja, akalipa mara ya pili kwa kazi ile ile.

"Mvua hainisubiri mimi," alituambia.

KWA NINI MKONO HAUFAI

Mafuta ya haidroliki yanasukumwa kwa nguvu nyingi sana. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi kama 30 kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya mabomba ya haidroliki ya trekta, mafuta yanaweza kufikia zaidi ya paundi 2,000. Gawanya 2,000 kwa 30. Utaona kuwa nguvu hiyo inazidi ya tairi kwa zaidi ya mara 60.

Mafuta yenye nguvu hiyo yakitoka kwenye tundu dogo kama la sindano, huweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Glavu hazizuii. Kidonda huonekana kidogo sana, na mwanzoni huenda kisiume. Mtu husema, "Aa, ni mkwaruzo tu," kisha anaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba. Akichelewa, anaweza kukatwa kidole au hata mkono.

Likitokea jambo hilo, usisubiri kesho. Usikande, usichanje, wala usifunge dawa ukalala. Nenda hospitali mara moja, na mweleze daktari waziwazi: "Mafuta yenye presha yameingia chini ya ngozi." Mtajie saa uliyoumia na aina ya mafuta. Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kidonda chenyewe kinadanganya macho.

HATUA ZA KUFUATA

1. Simamisha trekta mahali tambarare, vuta breki, kingia magurudumu kwa magogo au mawe. Shusha jembe mpaka liguse ardhi. Usifanye kazi chini ya jembe lililoinuliwa, hata kwa dakika moja.

2. Zima injini na uache mafuta yapoe. Safisha kiungo kinachovuja na sehemu yote inayokizunguka kwa brashi na dizeli kidogo, kisha kausha kwa kitambaa. Mafuta hutambaa. Unaweza kuona tone linaanguka hapa, kumbe chanzo kiko juu zaidi.

3. Paka unga wa chaki penye mashaka. Mtu mmoja awashe injini na kuinua jembe kidogo. Wengine wote wasimame mbali na jembe, watazame kwa pembeni. Mahali chaki inapoanza kulowa ndipo penye chanzo. Kama mafuta yanatoka kama ukungu, chukua kipande cha boksi, kifunge kwenye fimbo ndefu, ukipitishe hapo. Boksi likilowa, umepata jibu. Usitumie mkono.

4. Shusha jembe tena, zima injini, kisha sogeza mara kadhaa mikono yote inayotawala haidroliki. Hapo presha iliyobaki ndani hutoka. Ndipo ushike spana.

5. Tumia spana mbili. Moja ishike kiungo kisizunguke, nyingine ilegeze nati. Ukitumia spana moja, bomba la chuma litajikunja, na utakuwa umeongeza tatizo la pili.

6. Ulegeze polepole. Weka kopo safi chini, na uzibe mdomo wa bomba kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Mchanga kidogo ukiingia, huweza kukwaruza pampu.

KILA UVUJAJI UNA DAWA YAKE

Nati imelegea. Ikaze kiasi tu. Ikiendelea kuvuja, usiongeze nguvu. Ifungue uone ndani kuna nini.

Oringi imekauka au imekatika. Weka mpya yenye upana na unene ule ule, na iwe ya kustahimili mafuta. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani. Usikate pete kutoka mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira wa namna hiyo huvimba na kulainika ukikaa ndani ya mafuta. Utashika leo, lakini baada ya muda mfupi utaachia.

Washa ya shaba imekuwa ngumu. Weka mpya. Kama hakuna, mafundi huichoma ile ya zamani mpaka iwe nyekundu, wanaiacha ipoe, wanaisafisha na kuirudisha. Shaba hulainika kwa kuchomwa, ikaweza kuziba tena. Lakini hiyo ni dawa ya kukuvusha tu.

Mdomo wa bomba una ufa, au mpira wa haidroliki umepasuka. Hapo hakuna kufunga raba wala waya. Lazima kubadilisha. Mpira wa haidroliki una maandishi na namba ubavuni. Soma namba hizo na kuziandika kwenye daftari kabla ya kwenda dukani. Ndugu msomaji, hapa kusoma kwako kunalinda fedha za kikundi. Mpira wa bustani unaweza kufanana nao kwa unene, lakini haukutengenezwa kwa presha hiyo.

Kuna pia watu wanaozungushia utepe wa mabomba ya maji kila kiungo. Viungo vingi vya haidroliki haviziби kwa meno ya nati. Vinaziba kwa oringi, kwa washa, au kwa midomo miwili ya chuma inayokutana. Utepe hausaidii hapo, na vipande vyake vinaweza kuingia ndani na kuziba vali.

Unaporudisha nati, ianze kwa vidole. Ikikataa, usiilazimishe, irudishe nyuma uanze upya. Ukimaliza, jaza mafuta ya aina iliyotajwa katika kitabu cha trekta, upime kwa kijiti, halafu ujaribu tena kwa chaki.

HESABU YA TONE

Weka kopo chini ya kiungo kinachovuja. Tuseme baada ya saa moja ya kazi umepata robo lita. Kwa saa 8 utapoteza lita 2. Kwa siku 15 za kulima utapoteza lita 30. Zidisha hizo lita kwa bei ya lita moja dukani kwenu, kisha ulinganishe na bei ya oringi moja.

Hasara haiishii hapo. Katika matrekta kama Massey Ferguson 135, yaliyoundwa kati ya miaka ya 1964 na 1975, mafuta yanayoinua jembe ni yale yale yanayolainisha gia na ekseli ya nyuma. Yakipungua mno, siyo jembe tu linaloshindwa kuinuka. Gia nazo zinasagana. Gia ni ghali, na spea za trekta la umri huo hazipatikani kila duka.

Tena, mafuta yakimwagika shambani hayapotei. Mvua huyasomba. Vijito vingi vya Tarime na Serengeti huteremka hadi Mto Mara, na Mto Mara huingia Ziwa Victoria. Wako watu na ng'ombe wanaokunywa maji hayo. Basi mafuta machafu yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko.

Tuliporudi kwa njia ile ile siku ya pili, trekta lilikuwa linalima ekari ya mama yule iliyobaki. Dereva alituonyesha mfuko wa shati lake. Alikuwa na oringi tatu za akiba, zimefungwa katika karatasi, na juu ya karatasi ameandika vipimo vyake kwa mkono wake mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini nati ya trekta lile ilipata ufa?
2. Mtu akitobolewa na mafuta yenye presha, mtafanya nini, na mtamweleza daktari maneno gani?
3. Uvujaji wa nusu lita kwa saa, kwa saa 6 kila siku, utapoteza lita ngapi kwa siku 10?
4. Trekta la kijijini kwenu likiharibika katikati ya msimu, nani anapata hasara? Andikeni spea ndogo tatu ambazo kikundi kingepaswa kuwa nazo kabla ya mvua.