Aasif Karim au Collins Obuya?

SWALI: Katika kikosi bora cha kriketi cha Kenya cha zama zote, nimtangulize nani kati ya warusha mpira hawa wawili?

JIBU: Ama Steve Tikolo, nafasi yake kikosini haina mjadala, na kuanza kurusha mpira ni kazi ya Thomas Odoyo na Martin Suji. Lakini swali lako lataka taamuli, kwani Obuya ndiye aliyeangusha wiketi 5 za Sri Lanka kwa mikimbio 24 mjini Nairobi mwaka 2003, ushindi uliotusaidia kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ilhali Karim, aliyekwisha kustaafu kisha akaitwa tena, aliwakabili Waaustralia, mabingwa wa dunia, katika mashindano yayo hayo, akawatoa watatu, Ponting miongoni mwao, kwa mikimbio 7 tu katika ova 8 na ushei. Tulishindwa siku ile, naam, walakini ustadi haupimwi kwa natija peke yake. Kwa rai yangu, urushaji mkabidhi Karim. Na Obuya usimwache nje, bali mwingize kwa gongo lake, maana mwaka 2011 alifunga 98 dhidi ya Australia hao hao bila kutolewa.