Lishe, Msongo wa Mawazo na Kumbukumbu ya Mzee: Wito kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Je, mzee akiwapo ila neno lenyewe limempotea, itakuwaje? Swali hili lilinikabili nilipomwendea nyanya yangu mzaa mama ili nikusanye ngano za tasnifu yangu. Alianza ngano aliyonisimulia mara nyingi utotoni, akafika katikati, akanyamaza. Kisha akaianza upya kana kwamba hakuwa ameianza. Mjomba alisema, "Huo ni uzee tu." Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

Uzee si ugonjwa

Mzee kusahau jina kisha akalikumbuka baadaye ni jambo la kawaida. Kupotea katika njia aliyoizoea miaka na miaka si kawaida. Hiyo huweza kuwa dalili ya dimenshia, hali inayoletwa na magonjwa ya ubongo, likiwemo lile ambalo daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alilieleza mwaka 1906. Kutoijua tofauti hii kuna madhara makubwa. Katika sehemu za Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake hushukiwa kwa wepesi.

Mwaka 2024, tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, sonona na upweke. Mengi ya haya yanahusiana na chungu cha mzee na mawazo yake.

Lishe

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, nayo huletwa na damu. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, nalo shinikizo huharibu mishipa midogo ya ubongo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Isitoshe, mzee anayeshindia chai na mkate huweza kukosa vitamini B12, ipatikanayo katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Upungufu wake huleta usahaulifu unaofanana na dimenshia, ilhali hutibika.

Msongo wa mawazo

Mtu mwenye wasiwasi hutoa homoni iitwayo kortisoli. Mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake waligundua, kwa kuchunguza panya, kwamba homoni za aina hii hunaswa na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya. Msongo wa muda mrefu hudhuru sehemu hiyo, huvuruga usingizi na huchangia kupandisha shinikizo. Nyanya analea wajukuu watatu mayatima na kila muhula huwaza karo. Alipopimwa, shinikizo lake lilikuwa juu sana, na hakuwa na habari.

Hitimisho

Je, yapo matumaini? Nchini Ufini, utafiti wa FINGER uliwashirikisha watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa katika hatari ya kudhoofika kiakili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, baada ya miaka miwili, waliopata lishe bora, mazoezi ya mwili na ya akili, na uangalizi wa mishipa ya damu, walifanya vyema zaidi katika majaribio ya utambuzi kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida.

Ndugu msomaji, sisi tuendao nyanjani hubeba zawadi za sukari, mikate na mafuta ya kupikia. Tukishavuna ngano, twarudi chuoni na kinasasauti chetu. Tubadilishe mzigo huo: tubebe omena, mayai, maharagwe na matunda. Tumsindikize mzee akapimwe shinikizo la damu. Tukae naye hata baada ya kuzima kinasasauti, kwani mazungumzo humwondolea upweke.

Ngano ya nyanya ingali na pengo katikati, nami nimeinukuu hivyo hivyo. Wako wazee wengine ambao ngano zao bado ni kamili. Hao tusiwachelewe.