Mapatano ya Ujenzi: Funzo Tulilolipata Katika Mji wa Wote

Darsa letu la mwezi huu lilikuwa juu ya mapatano ya ujenzi, na sababu ya kulichagua si siri. Wengi katika sisi wenyeji wa miji ya pwani hujenga mara moja tu maishani, kwa fedha zilizokusanywa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ishirini, au kwa fedha za watu walizozitoa kwa ajili ya msikiti na madrasa. Na fedha hizo huziweka mikononi mwa fundi kwa neno la mdomo. Huulizwa, "Fundi, utanijengea?" Naye hujibu, "Nitakujengea, mzee." Kisha hupeana mikono, hutolewa arubuni, na kazi huanza. Watu hao hao, mmoja wao akitaka kumwuzia mwenziwe kiwanja cha futi hamsini, humwita wakili na mashahidi wanne.

Sisi wenyewe hatukuepukana na kosa hili. Baadhi yetu tulikuwa katika kamati ya madrasa moja iliyotaka kuongezewa vyumba viwili. Tulimlipa fundi kwa mafungu matatu, na kila fungu tulilipa kwa tarehe, si kwa kazi: mwezi ulipoandama tulitoa, bila ya kwenda kutazama ukuta umefika wapi. Fungu la tatu lilipotoka, kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, na fundi hakuonekana tena. Tulipomwita mbele ya wazee alisema bei yake ilikuwa ya kuta tu, bila ya sakafu, plasta wala mabati. Sisi tukasema ilikuwa ya vyumba vizima. Wazee wakauliza, "Karatasi iko wapi?" Hapakuwa na karatasi. Wakainuka, nao walikuwa na haki ya kuinuka, kwani hakuna awezaye kuhukumu jambo lisilokuwapo. Hatumtaji fundi yule, wala hatumtupii yeye peke yake lawama.

Basi na tuanze penye msingi. Mkataba ni nini? Wanazuoni wetu husema nguzo zake ni wenye kupatana, kitu kinachopatanwa, na tamko la pande mbili, yaani ijabu na kabuli. Sheria ya Kenya haiko mbali na hayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, imeifanya sheria ya mapokeo ya Uingereza kuwa ndiyo ya kufuatwa katika mapatano, nayo hutaka mmoja atoe neno la kupatana na mwingine alikubali kama lilivyo. Hutaka pawe na kitu kwa kitu, kazi kwa ujira. Hutaka wote wawili wawe na akili na umri wa kupatana, na jambo lenyewe liwe halali. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Wengi hudhani kuwa pasipo karatasi hapana mapatano, na hilo si kweli. Mapatano yapo, kinachokosekana ni ushahidi. Na ndiyo maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, imeshughulika na jambo hili la kuandikiana madeni, ikataja mwandishi mwadilifu na mashahidi.

Hapa pana jambo ambalo watu hawalitofautishi, na katika kutolitofautisha huzuka nusu ya magomvi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kuna ijara na kuna juala. Katika ijara unamwajiri mtu kwa kazi inayojulikana au muda unaojulikana, naye hustahiki ujira wake kwa kadiri ya alichokifanya. Katika juala unaahidi ujira kwa jambo likitimia. Akiliacha njiani kwa hiari yake, hana kitu. Nao Mahanafi wanayo istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa na bei maalumu, nayo ilitiwa hata katika Majalla ya dola ya Uthmaniya. Sasa muulize mwenye nyumba yeyote wa mtaani: "Je, fundi wako ni wa kipande cha kazi, au wa nyumba nzima kwa bei moja?" Atakwambia, "Ni fundi wangu tu."

Mahakama za Waingereza zimelikuta jambo hili hili. Mwaka 1898 iliamuliwa kesi ya Sumpter na Hedges. Sumpter alikuwa mjenzi aliyepatana kumjengea Hedges nyumba mbili na mazizi ya farasi kwa pauni 565. Akafanya kazi ya thamani ya pauni 333, kisha akaishiwa na fedha, akaiacha. Hedges akaimaliza mwenyewe. Mahakama ya Rufani ikasema kwamba, kwa kuwa bei ilikuwa ya kazi nzima na mjenzi ndiye aliyeiacha, hawezi kudai ujira wa nusu aliyoifanya. Atalipwa tu vifaa alivyoviacha, ambavyo Hedges alivitumia kwa hiari yake. Mwenye kujua juala hatastaajabu na hukumu hii. Lakini asikimbilie mwenye nyumba kufurahi, kwani mwaka 1952, katika kesi ya Hoenig na Isaacs, fundi aliyepatana kutengeneza nyumba na samani zake kwa pauni 750 alimaliza kazi ikiwa na kasoro ndogo katika kabati la vitabu na mlango wa kabati la nguo. Mwenye nyumba akataka kuzuia baki yote. Mahakama ikamwambia: "Kazi imekwisha kwa sehemu yake kubwa, lipa, kisha kata gharama ya kurekebisha kasoro," nayo ilikuwa kiasi cha pauni 56 hivi.

Hayo ni ya kuandika mkataba. Lakini tumeona wengi wenye mikataba mizuri, iliyopigwa mihuri, na majengo yao yamesimama bila ya paa. Kwa nini? Kwa sababu mkataba ulitiwa sanduku siku uliposainiwa, haukutazamwa tena. Jambo hili tulilifahamu vizuri zaidi tulipofika Wote.

Wote ni makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Mtu wa Mombasa aliyezoea kusafiri kwenda Nairobi hupita karibu bila ya kuufikia, kwani mji huo uko ndani, mkono wa kulia, ukiiacha barabara kuu. Ni nchi kavu ya Wakamba, ya maembe na michungwa, yenye mito ya mchanga. Na mchanga wenyewe una sheria yake ya kaunti tangu 2015, ili mito isichimbwe ikabaki makorongo. Hatukwenda kujifunza ujenzi. Lakini mwenyeji wetu alipotuonyesha hospitali ya mama na mtoto ya mji ule, yenye vitanda 200, tulimuuliza vipi kaunti isiyo tajiri imeweza, naye akatujibu kwa kutueleza habari ya kamati.

Utaratibu wenyewe uliwekwa katika miaka ya ugavana wa Profesa Kivutha Kibwana, ambaye ni mwanasheria, kati ya 2013 na 2022. Pakiwa na mradi, ikiwa ni zahanati, darasa au kisima, wananchi wa mahali pale hukutana barazani wakachagua kamati yao ya kuusimamia. Kamati hupewa kujua kazi ni ipi, vipimo vyake na bei yake. Wanakamati si wahandisi. Ni wakulima, walimu wastaafu, akina mama wa vikundi. Mhandisi wa serikali yupo na kazi yake yupo nayo. Lakini mkandarasi halipwi mpaka kamati nayo itie sahihi kwamba kazi imefanyika.

Tutafakari sahihi ile. Mwanamke anayeteka maji pale ndiye anayeulizwa kama kisima kinatoa maji. Mkandarasi aliyezoea kumalizana na karani mjini hulazimika kurudi kumridhisha yule atakayekitumia kitu. Wala hatusemi kuwa Makueni hapana kasoro. Kila penye fedha pana watu, na kamati nayo yaweza kuhongwa au kutishwa. Twasema tu kwamba wakulima wa Wote wamepewa nguvu ambayo sisi, wenye madrasa yetu wenyewe na fedha zetu wenyewe, tuliitupa kwa kulipa mwezi ulipoandama.

Malipo basi yaendeje? Tutoe mfano wa hesabu, maana maneno matupu hayajengi. Umepatana nyumba kwa shilingi 3,000,000. Ile karatasi ya vipimo na bei, ambayo mafundi huiita BQ, imeigawa kazi: msingi kiasi hiki, kuta kiasi hiki, paa kiasi hiki. Fundi anapotaka fedha, mkadiriaji, au mtu mwingine yeyote mwenye ujuzi asiyekuwa wa fundi wala wa kwako, huja kupima. Akikuta kazi iliyokwisha kufanywa tangu mwanzo ni ya 1,200,000, hukata zuio la asilimia kumi, yaani 120,000, hubaki 1,080,000. Kama ulikwisha kumlipa 540,000, basi leo unampa 540,000, na hati ya malipo inaandikwa, kila mmoja na nakala yake. Ni desturi zuio hilo lisizidi asilimia tano ya bei yote, yaani hapa 150,000. Siku ya kukabidhiwa jengo nusu ya zuio hurudishwa, na nusu ya pili husubiri muda wa kasoro, mara nyingi miezi sita, ili mvua za masika ziseme kama paa linavuja. Zuio si dhuluma kwa fundi, maadamu limeandikwa tangu mwanzo. Dhuluma ni kulizua siku ya malipo.

Jambo jingine ni mabadiliko. Mke wa mwenye nyumba hupita akasema dirisha hili lipanuliwe. Mwenye nyumba hupita akasema ngazi igeuzwe. Fundi huitika, "Hewala," na mwisho huleta hesabu iliyoongezeka maradufu. Dawa yake ni daftari moja linalokaa pale kwenye ujenzi: hapana badiliko lifanywalo mpaka liandikwe, litiwe bei na siku zake, na pande mbili ziweke sahihi. Katika kazi za serikali, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imeweka mipaka: kiasi cha kazi ya ujenzi kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 20, na mabadiliko yakiipandisha bei yote kwa zaidi ya asilimia 25, basi yatangaziwe zabuni yake mbali. Sheria hiyo haimhusu mtu na nyumba yake, lakini mwenye busara aweza kujiwekea mpaka kama huo.

Huenda msomaji akadhani kuwa somo letu lote ni la kumbana fundi. Sivyo. Si mbali sana na Wote, pale mto Thwake unapokutana na mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa kubwa la Thwake, kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkandarasi ni kampuni ya Kichina ya Gezhouba. Kazi ilianza 2018 ikikusudiwa kumalizika 2022. Mwaka huo ulipita bwawa halijamalizika, na miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni kuchelewa kwa malipo yanayopasa kutoka upande wa serikali. Mwenye jengo naye ana wajibu: kukabidhi kiwanja kikiwa huru, kutoa ramani kwa wakati, kulipa hati inapofika siku yake. Akichelewesha yeye, hawezi kumtoza fundi fidia ya kuchelewa. Bali fundi ana haki ya kuongezewa siku. Tumewaona matajiri wa mji wetu wanaomsimamisha fundi miezi mitatu kwa kukosa saruji, kisha wakampigia kelele mbele za watu kuwa ni mvivu.

Baada ya darsa tuliulizwa maswali mengi, tutajibu mawili. Mzee mmoja aliuliza: "Je, fundi akikataa kuandikiana, akisema kuwa ninamdhania mwizi?" Tunamjibu: mwambie kuwa karatasi inamlinda yeye pia, kwani ukifa wewe kesho, warithi wako hawatajua unadaiwa kiasi gani. Akiendelea kukataa, tafuta mwingine. Na kwa kazi kubwa, uliza kama ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo huwapanga wakandarasi kwa daraja nane.

Wa pili ni kijana aliyeuliza: "Yule fundi wa madrasa, hatuwezi kumshitaki sasa?" Kesi ya mkataba nchini Kenya hufunguliwa kabla ya kupita miaka sita tangu mkataba kuvunjwa, nasi bado hatujaifikia. Hata hivyo tumeona bora kwanza kumteua hakamu, mwashi mzee anayeaminiwa na pande zote mbili, aende akazipime kuta kwa futi na kuzitia thamani. Fundi amekubali. Kipimo ni Jumamosi ijayo baada ya alasiri, na safari hii yatakayopimwa yataandikwa.